Malalamiko Rasmi Kuhusu Gurudumu la Mbele Kushoto

Kwa Shangazi,
dada wa pekee wa marehemu Baba,
na mtu wa mwisho katika ukoo huu ambaye bado tunamwogopa sote.

Shikamoo Shangazi. Natumaini magoti yamepata nafuu, na kwamba yule jogoo wa jirani yako ameshapata hukumu aliyostahili. Sisi huku ni wazima, isipokuwa gari.

Ninakuandikia kwa masikitiko makubwa, na kwa kalamu ya ofisini, kumlalamikia Dada Mkubwa kwa kosa la kulitelekeza gurudumu lake likiwa na pancha. Mwaka wa kumi na tisa huu mimi ni karani wa masijala. Nimepitisha mikononi mwangu majalada ya watu waliogombania mpaka, kisima, na mara moja mlango. Jalada la mtu anayelikana gurudumu lake sijawahi kuliona, na nimesikitika kwamba la kwanza linatoka nyumbani kwetu.

Jambo lenyewe haliwezi kungoja. Kama ujuavyo, Mama ana mtoto wa jicho, na Alhamisi saa mbili asubuhi anatakiwa hospitali kwa upasuaji. Ameomba kitu kimoja tu, apelekwe na gari la mumewe. Na gari la mumewe limekaa uani, limeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu.

Naomba nikukumbushe chanzo. Baba alipokuwa anatuaga alisema, "Gari ni la wote wanne. Msiligawe." Hatukuligawa. Rimu zake za chuma zilipoliwa na kutu, na moja ikapasuka, kila mtoto alinunua rimu moja mpya ya aloi. Kwa hiyo gari ni la wote, lakini kila gurudumu lina mwenyewe. Kisheria hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tatizo likawa boliti. Fundi wa gereji ya pale kona, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Kaza, aliweka boliti ya zamani na rimu mpya juu ya meza yake akatuonyesha. Boliti ya zamani shingo yake ni ya mviringo, kama kitako cha yai. Tundu la rimu mpya limechongwa mteremko, kama mdomo wa faneli. Akasema, "Hii itakaa juujuu. Leo utasema imekaza, kesho gurudumu litakupita barabarani, wewe ulipungie mkono."

Ndipo ikaundwa Kamati ya Boliti, mimi nikiwa Katibu. Ilikaa Jumapili tatu. Mdogo wangu, yule tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui, alitaka boliti ndefu kuliko zote dukani, eti kirefu ndicho chenye mizizi. Zilipofungwa, ncha zikatokeza ndani zikagusa breki, na gari likasimama kama punda. Dada Mkubwa, kwa kuwa ni mshonaji, alitaka zenye vichwa vya dhahabu zifanane na uzi wa viti. Kitindamimba wetu, msusi, aliuliza kama zipo za ukubwa wa kuvaa sikioni. Mwisho Fundi Kaza alichagua mwenyewe, zenye shingo ya mteremko, urefu wa kadiri, akatuomba tusirudi tena kwa pamoja.

Lakini mimi nilikuwa na hoja moja zaidi, nayo ilipita. Kila gurudumu lifungwe boliti nne za kawaida na moja ya kufuli. Boliti ya kufuli, Shangazi, kichwa chake kimechongwa kama ua, na spana ya kawaida haikishiki. Mpaka upate kipande chake cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, chenye ua lile lile kwa ndani. Unakivika juu ya kichwa ndipo spana inapata pa kushika. Hicho ndicho ufunguo. Tulichagua aina nne tofauti, kila mtu na ufunguo wake, na Kitindamimba akapaka kila kichwa rangi ya kucha: nyekundu ya Dada, bluu ya Profesa, nyeupe yake mwenyewe, kijani yangu.

Sasa malalamiko.

1. Kwamba Jumapili iliyopita gurudumu la mbele kushoto lilikutwa limelala chini, msumari umo. Kumbukumbu za kikao cha tatu, ukurasa wa pili, zinasema wazi: "Mbele kushoto, Dada Mkubwa. Nyuma kushoto, Katibu." Nilimpigia simu nikamsomea ukurasa wote, pamoja na mahudhurio. Akanijibu, "Gurudumu langu halina pancha. Nenda kalitazame." Yuko mji mwingine, mwendo wa saa tano, naye ananiambia mimi ninayelala hatua sita kutoka kwenye gari nikatazame! Sikwenda. Karani hatazami, karani anasoma. Kama kila mtu angekuwa anakwenda kutazama, masijala zingekuwa za nini?

2. Kwamba ufunguo wa Dada unakaa kwenye kopo la vifungo. Profesa ameufunga wake kwenye kamba ya miwani. Kitindamimba anao ndani ya mkoba wa vibanio. Wangu uko ndani ya bahasha iliyogandishwa kwa lakiri, imeandikwa SIRI, ndani ya kabati la ofisi lenye kufuli, na ufunguo wa kabati uko kwa mkuu wangu wa kazi. Haya ninayaeleza ili uone nani analichukulia gari la Baba kwa uzito.

3. Kwamba Dada hana shukrani. Mimi ndiye niliyetoa wazo, miezi sita iliyopita, matairi ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma, ili yalike sawasawa. Tulikusanyika sote wanne gereji na funguo zetu. Kila mmoja alisimama kando ya gurudumu lake, na lilipohamishwa, naye akahama nalo kama mzazi anayempeleka mtoto darasa jipya. Mimi tu sikuhama, kwa kuwa nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nikiandika mahudhurio, kwa hiyo la kwangu lilikwenda peke yake. Mama alicheka mpaka akaomba kiti. Ilikuwa siku nzuri, Shangazi. Hatujakaa wote pamoja tena tangu hapo. Ukimwuliza Dada kuhusu siku hiyo, atakwambia nilimkanyaga.

4. Kwamba nimetafuta njia za amani zikashindikana. Tumejaza upepo, ukatoka kabla hatujarudisha pampu. Fundi Kaza alitaka kupigilia soketi, yaani kikombe cha spana, juu ya ile boliti ya kufuli kwa nyundo ili aifungue kwa nguvu. Nilimzuia, maana kuvunja kufuli ya mwenzako ni wizi hata kama mwenzako ni dada yako. Nikamweleza kwamba kwa hesabu, robo tatu ya gari ni nzima kabisa, na Mama ni mwepesi. Kwa nini asipelekwe hospitali na hizo robo tatu, ile robo ya Dada ikaburutwa tu mpaka mwenyewe aone haya? Fundi Kaza akasema, "Bwana mkubwa, gari si mkate." Nilimwomba aniandikie hilo kwenye karatasi. Alikataa.

5. Kwamba, pamoja na yote, boliti za kufuli zimeonyesha faida kubwa, na ninaomba kibali chako zitumike kwingine. Lango lina bawaba mbili, nashauri zigawanywe. Birika lina mkono, mdomo na kifuniko, na hapo tutahitaji kikao. Lakini la haraka ni kitanda cha Mama. Kitanda kina miguu minne na sisi tuko wanne, jambo ambalo sidhani limetokea kwa bahati. Napendekeza kila mguu ukazwe kwenye sakafu kwa boliti ya kufuli, kila mtoto na ufunguo wake, ili asitokee mtu mmoja, siwezi kumtaja ila ni mshonaji, akamhamisha Mama bila wengine kuwapo. Fundi Kaza ameshakuja kupima sakafu. Mama alikuwa amelala juu ya kitanda wakati huo na hakutoa pingamizi lolote, ingawa aliniita jina la utotoni ambalo sikulipenda.

6. Kwamba Dada ana chumba cha wageni chenye dirisha kubwa.

Hilo la sita ndilo lenyewe, Shangazi. Kitindamimba aliniambia, hata kabla Kamati ya Boliti haijakaa, akafikiri ninajua, kwamba Dada anataka Mama akishapona jicho akaishi kwake. Huko mbali. Mimi ndiye ninayeishi na Mama. Mimi ndiye ninayemsomea barua, ninayemwambia nani anapita barabarani, ninayemwekea dawa ya macho asubuhi na jioni. Akipona ataona mwenyewe, na atakuwa na haja gani nami? Boliti za kufuli sikuzipendekeza kwa sababu ya wezi. Ni mwizi gani angeiba gari ambalo likiwashwa mtaa mzima unaamka? Nilifikiri tu kwamba gari lenye funguo nne haliwezi kumchukua Mama mpaka wote wanne tukubali, na mimi nisingekubali. Naogopa nyumba yenye sauti moja. Nimeliandika hili mara mbili nikalifuta, sasa nimechoka kufuta.

Kwa hayo, ninaomba kwa heshima zote:

(a) Dada Mkubwa aamriwe kuleta ufunguo wake kabla ya Alhamisi, yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

(b) Akikaidi, gurudumu lake litangazwe kuwa halina mwenyewe, nami niteuliwe mlezi wake.

(c) Itamkwe na wewe, kwa sauti ile unayoitumia misibani, kwamba Mama hahami. Sababu unaweza kuzitunga, mimi nitaziandika vizuri.

Nisalimie wote waliomo nyumbani kwako, wakubwa na wadogo, wanaonisalimu na wasionisalimu, na yule mpangaji wa chumba cha nyuma ambaye hunisalimu akidhani mimi ni Profesa. Mama anakusalimu sana. Profesa na Kitindamimba wanakusalimu. Dada sina hakika kama anakusalimu, lakini kwa uungwana namjumuisha.

Ni mimi mwana wa kaka yako,
wa pili kuzaliwa,
Katibu wa Kamati ya Boliti.

Nakala: Dada Mkubwa (kwa utekelezaji), Profesa (kwa taarifa), Kitindamimba (aisome, asiisambaze), Fundi Kaza, Jalada.

Tanbihi. Shangazi, leo ni Jumamosi. Barua hii imechelewa kwa sababu nilitaka igongwe mhuri, na mkuu wangu wa kazi akasema mhuri wa serikali haugongwi juu ya pancha.

Alhamisi alfajiri, kabla sijaamka, Dada alikuwa ameshafika kwa basi la usiku. Alimchukua Mama wakapanda pikipiki mbili, wakaenda hospitali. Ufunguo wake alikuja nao mfukoni, akanipa baadaye kwa mikono miwili.

Jana bandeji ilitolewa, wakarudi. Mama alisimama barazani akatazama kila kitu polepole kama mtu anayehesabu wageni. Kwanza alinitazama mimi akasema, "Kumbe na wewe una mvi." Kisha akaliendea gari, akainama, akafuta tope kwenye boliti ya gurudumu lililolala kwa ncha ya nguo yake. Akasema, "Hii ni ya kijani. Kijani si wewe?"

Ni mimi. Matairi ya nyuma yalikuja mbele siku ile, na langu likaja pamoja nayo, peke yake, nikiwa juu ya ndoo. Kumbukumbu hazikurekebishwa, na wa kuzirekebisha alikuwa Katibu. Leo asubuhi nimemfuata mkuu wangu wa kazi nyumbani kwake, tumefungua kabati, tumevunja lakiri. Gurudumu limetoka ndani ya robo saa, na pancha imezibwa. Dada ndiye aliyenishikia boliti.

Kuhusu ombi (c), lifutwe. Mama amelitolea uamuzi mwenyewe akiwa amekaa juu ya ile ile ndoo. Amesema atazunguka kwetu sote, mwezi mwezi, kama matairi, ili tulike sawasawa. Anaanza kwa Dada. Tunaondoka Jumatatu na gari la Baba, dereva ni mimi.

Kitanda hakikukazwa. Mwezi ukiisha, siku ile ile, saa tatu asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa Dada nimekuja kumchukua. Tafadhali Shangazi mkumbushe hilo, na ikiwezekana umkumbushe kwa maandishi.