Nduru kwa Ajili ya Hewa Tupu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Leo nimeaibika, tena mchana peupe.

Mdogo wangu Omondi, miaka sita, gego lake limeoza. Siku tatu anakunywa uji tu, hata samaki anakataa. (Omondi! Samaki!) Mama yuko sokoni, kwa hivyo mimi na Dani, nyanya yetu wa Asembo Bay, tukampeleka kwa daktari wa meno Kisumu. Dani hana meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kwa mila, bila dawa yoyote. Njia nzima alitukumbusha.

Omondi akaona kiti, akagoma. "Sitaki sindano!"

"Hapa hakuna sindano, bwana mdogo," daktari akasema, akamwonyesha kitu kama kalamu nene. "Hii inasukuma dawa ya ganzi kwa kasi, inapenya kwenye ufizi. Inalia pap! Basi."

"Anza na Atieno," Omondi akamwambia daktari.

Atieno ni mimi. Yule ambaye mwalimu akiuliza swali, anainama kufunga kamba za viatu.

"Sawa. Nampiga hewa tupu kwenye kiganja, haina dawa," daktari akasema. " Uko tayari, dada?"

"Niko." (Sikuwa.)

Pap!

Jamani, nilipiga nduru ya matanga! Nikaruka, nikatua kwa mapaja ya Dani.

"Yawa, Atieno! Kwani amekung'oa mkono?" Dani akaniuliza.

Nesi akachungulia nje. "Daktari, watu wanaondoka!"

Kweli. Akina mama watatu walikuwa wanaelekea getini, wamewabeba watoto wanaolia. Nesi akanishika bega. "Wewe ndiye umewatorosha. Nenda uwaambie ukweli."

Nikasimama mbele yao. "Ni... ni mimi nimepiga nduru. Sijang'olewa kitu. Ilikuwa hewa."

"Hewa ya mdomo?" mama mmoja akauliza.

"Ya mkono."

"Na uko na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Wakaangua kicheko! Hata watoto waliokuwa wanalia. Wakarudi wote kwenye benchi.

Mimi sikurudi ndani. Nilikaa nje nikihesabu vigae mpaka Omondi akatoka na gego lake kwenye karatasi, mdomo nusu umekufa ganzi.

"Hukulia?" nikamuuliza.

"Nilikaa kwa kiti haraka," akasema, "nimalize kabla hujarudi kunitia aibu."

Haya, chekeni. Lakini kama ulikuwa kwenye ile benchi leo, nakuomba: tukikutana njiani, hatujuani.