Maswali ya Usalama ya Akaunti ya Dada

Jumapili, 1 Oktoba

Dada amepata chuo kikuu. Uuguzi! Nyumba nzima inatembea kifua mbele, hata Baba, ambaye hana mambo hayo.

Chuo kimewaagiza wanafunzi wapya wafungue akaunti mtandaoni. Bila akaunti hakuna waifai ya chuo, hakuna ratiba, hakuna kuchagua masomo. Dada alikuwa anapiga pasi, akaniita. Eti si wewe ndiye mtaalamu wa nyumba hii, hebu nifungulie hicho kitu, tena chapuchapu. Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nausubiri mwito huo kwa hamu.

Sababu ni hii. Maktaba ya shule yetu ina ensaiklopedia ya wadudu, juzuu ya pili tu. M hadi S. Mende, nyuki, panzi na siafu nawafahamu hadi tabia zao za ndani. Kipepeo simjui kabisa. Maktaba ya mtandaoni ya chuo ina juzuu zote, na mwenye akaunti anasoma popote alipo. Basi Dada ataitumia chuoni, mimi nyumbani, kwenye tableti ya zamani ya Baba. Nani ataumia? Hakuna!

Neno la siri Dada alilichagua mwenyewe, akanitajia bila kugeuka. Yakabaki maswali ya usalama, ya kumthibitisha mwenye akaunti pakitokea mashaka. Sikutaka kumsumbua, maana angeanza kuuliza yake. Skrini iliandika: jibu kwa ukweli. Nikajibu kwa ukweli. Ukweli wangu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Dada chuoni, kwenye mapokezi ya wanafunzi wapya. Mimi nimetoka shule mbio. Nimesoma chawa, chungu na funza. Raha!

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye tunamwita Kidomo kwa sababu kinywa chake hakina mlango, aliniuliza nachekea nini. Nikasema kazi ya shule. Akasema kazi ya shule haichekeshi, Profesa. Huniita hivyo kunikera. Siku moja nitakuwa profesa kweli, sijui ataniitaje.

Jumanne, 3 Oktoba

Balaa!

Leo shule ilitutoa mapema. Nilikuwa nimefika kwa kereng'ende. Wakati huohuo Dada alikuwa kwenye ukumbi wa kompyuta akichagua kundi la mazoezi ya hospitali. Mtandao ukaona mtu mmoja yuko mahali pawili. Ukafunga akaunti.

Dada alikwenda dawati la huduma za teknolojia. Fundi akamsomea maswali. Rafiki yako wa kwanza ni nani? Akamtaja binti wa jirani. Siyo. Unaogopa nini kuliko vyote? Nyoka. Siyo. Unataka kufanana na nani? Akamtaja yule muuguzi aliyemhudumia Mama alipolazwa. Siyo. Foleni ikaanza kucheka. Fundi akamuuliza, dada'ngu, una hakika wewe ni wewe?

Kuchagua kunafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyechagua anapoteza nafasi hadi mwaka ujao. Mama aliposikia hivyo aliketi chini na mwiko mkononi.

Nikaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Kosa. Mama alinitazama sana.

Jumatano, 4 Oktoba

Mpango mpya: kumpa Dada majibu bila kukiri. Nilimwambia mitandao ya siku hizi inapenda majibu ya ajabuajabu. Kwenye rafiki wa kwanza ajaribu "kamusi". Akauliza ni kiumbe gani huyo anayefanya urafiki na kamusi. Nikahamia swali lililofuata. Kwenye hofu ajaribu "kuongea mbele ya watu". Akasema, mimi? Ni kweli. Dada anaweza kugombana na fundi bomba aliye ng'ambo ya barabara, na akashinda.

Kidomo akasema, huku mdomo umejaa chakula, jamani, si ndiye Profesa mwenyewe huyo?

Mtoto huyu angefaa kuwa mpelelezi.

Nikakiri yote, hadi tableti na wadudu. Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba aliomba nafasi hii mara mbili, na mwaka jana walipomkataa alilia bafuni tusisikie. Kisha akasema kesho tutakwenda wote, na majibu yako utayasema kwa kinywa chako.

Alhamisi, 5 Oktoba

Baada ya shule nimepoteza sauti. Nilieleza kwa ishara. Dada alikuwa karibu kuamini. Kidomo akasema basi yeye anafuta vitabu vyote kwenye tableti. Sauti ikarudi.

Lakini tulichelewa. Tulipofika dawati limefungwa. Dada alitembea mbele yangu njia nzima.

Ijumaa, 6 Oktoba

Fundi anakaa nyuma ya kioo chenye tundu, pembeni kuna feni inayonguruma. Lazima upaze sauti. Foleni ya wanafunzi wapya ilifika kwenye ngazi. Dada akaonyesha kitambulisho chake, akaeleza kosa ni la nani, akanisukuma mbele.

Rafiki wa kwanza? Kamusi. Fundi akasema, sikusikii, kijana. KAMUSI! Watu wakaguna. Unaogopa nini? Nikapaza sauti kwamba naogopa kuongea mbele ya watu. Nyuma yangu mtu akasema pole.

Unataka kufanana na nani? Nikasema, Dada. Fundi akatikisa kichwa. Jibu halijakamilika, liseme kama ulivyoliandika. Nikatazama sakafu. "Dada, lakini asiambiwe."

Akaunti ikafunguka. Tableti ya Baba ikaondolewa kwenye akaunti. Dada akachagua kundi lake saa kumi na robo, hospitali ileile aliyoitaka.

Njiani alinivuta sikio. Kisha akaliachia, akasema, si ungeniomba tu, wewe? Vitabu ningekuazimia. Nimelifikiria hilo. Tatizo la kuomba ni kwamba lazima uongee.

Jumapili, 8 Oktoba

Wakati wa chakula Mama ametushangaza. Amekubaliwa stashahada ya jioni, chuo hichohicho! Mambo ya kompyuta yanamtisha, akauliza nani atamsaidia kufungua akaunti. Dada alikuwa bado anatafuna. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

Sasa nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kujibu ukweli, ndiyo maana Kidomo alinitambua. Majibu ya Mama nitayabuni yote, ya ovyoovyo kabisa, na sitayaandika popote. Hakuna atakayeyajua. Hata mimi!