Mabibo Matatu Chini ya Msolo

Jumatatu, 21 Oktoba

Anjelina kaondoka. Yuko kwa mama yake, Chiwata. Amesema amechoka kuolewa na mipango; siku nikimaliza jambo moja tu, hata dogo, nimpigie. Mke wangu huyo! Kware wa mradi wangu walikufa wenyewe, mimi ningefanyaje?

Lakini Mungu si Athumani. Chama cha ushirika kinatafuta picha ya kalenda: mazao yetu yaliyotulia, bila mtu wala mnyama. Mwisho Ijumaa. Jina la mpigaji linachapwa chini. Kalenda hiyo inatundikwa kila nyumba, mpaka sebuleni kwa mama mkwe. Atanisoma mwaka mzima! Anjelina atarudi tu.

Fortunatus, mpiga picha za harusi, naye kaingia. Ana kamera yenye mdomo mrefu. Mimi nina simu na akili.

Jumanne, 22 Oktoba

Kumbe vitu vilivyotulia havitulii. Nimepanga mabibo matatu kwenye ungo, mekundu mawili na la njano moja, korosho zake zikining'inia. Nikasogeza la njano kushoto. Likanuna. Kulia, likaringa. Kufika saa nne yote yamenyauka na nyuki wamekuja na ukoo wao.

Nikanyunyiza maji, yafanane na umande. Mama Rose, jirani, akaniona. Lo! Akaniuliza kama nimerogwa: yeye yuko foleni ya maji tangu alfajiri, watoto wake wananawa kwa kikombe, mimi naogesha matunda. Nikamwambia ni sanaa. Akasema basi hiyo sanaa nikaioge. Nikahamia mafuta ya kupikia. Yanang'aa kweli. Sisimizi nao wakakubali.

Fortunatus akapita, akachungulia, akasema kwa huruma ya kinafiki kwamba picha haina hewa. Mshenzi. Nikatazama tena. Kweli haina.

Jumatano, 23 Oktoba

Hewa! Ukungu wetu wa asubuhi! Mwezi huu haupo, kwa hiyo nimetumia unga wa mtama. Nikatafuta mahali penye giza nyuma na mwanga pembeni: chini ya ule mti mkubwa, njia ya mashambani. Kitambaa cheupe, mabibo mapya, unga kiasi. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja. Mwili ukanisisimka. Mimi, Kasiani, nimetengeneza kitu kizuri!

Simu ilikuwa kwa Awadhi kinyozi, inachajiwa. Nikakimbia kuifuata.

Narudi, nakuta akina mama wamevua kandambili, wamechutama, wanapiga makofi polepole. Mzee Bwanali, mzee wetu wa mila, yupo, kainamisha kichwa. Hapo ndipo akili ikanirudia. Mti ule ni msolo! Msolo, ambao bibi yangu mwenyewe alikuwa akiweka unga chini yake kuwaomba waliotangulia. Nami nimezaliwa hapa hapa!

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza ninaomba nini. Niseme kalenda? Mdomo ukajisemea: naomba mke wangu arudi.

Mama Rose akafuta machozi. Akaenda kwake, akarudi na unga, na kibuyu cha maji. Maji! Mama Rose yule yule wa jana! Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikauliza kama naweza kupiga picha, kumbukumbu tu. Mzee akasema waliotangulia hawapigwi picha, na hapo pasiguswe kitu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mabibo yanaoza mbele ya macho yangu, na bado yanapendeza kuliko yote niliyowahi kupanga. Kile kibuyu kimekaa mahali ambapo mimi nisingewaza kabisa. Nimejificha kwenye mihogo tangu asubuhi. Mzee Bwanali haondoki. Kaleta kigoda.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mzee alipokwenda msikitini nikatoka mihogoni. Mwanga unapenya majani, unatua kwenye kibuyu. Nimeinua simu, nasikia mtu anavua viatu nyuma yangu.

Anjelina. Na begi lake. Habari zilimfikia kwa dereva wa bodaboda: Kasiani, asiyeomba mtu hata chumvi, kaweka unga kwa ajili yake, tena mbele za watu. Akachutama kando ya mabibo, akalia. Mwanga ukamshukia shavuni. Shavu, kibuyu, unga, kila kitu mahali pake. Picha ya maisha yangu ile!

Sikubonyeza. Nikatia simu mfukoni, nikachutama naye. Nilimkumbuka sana, jamani. Akaniuliza kama kweli unga ule ni kwa ajili yake. Nikasema ndiyo. Akasema basi karudi, ila mpango mpya asiusikie, hata mmoja. Nikaapa.

Jumapili, 27 Oktoba

Nasikia kalenda kaichukua Fortunatus. Kwa maboga. Maboga! Haya, apewe.

Anjelina anaimba jikoni. Nyumba imekuwa nyumba. Nami nimekaa nawaza. Mabibo matatu, kitambaa, unga kidogo: mke katoka Chiwata mpaka Newala kwa nauli yake mwenyewe. Cecil wa Nanganga, ambaye mkewe kaondoka tangu Pasaka, kanipigia simu kuuliza ni unga gani na la njano lilikaa upande upi. Nimemwambia kupanga ni fani, asijaribu peke yake. Anakuja kesho. Na wanaume kama Cecil wamejaa Masasi nzima!

Huu si mpango. Ni huduma.

Anjelina kaniuliza mbona unga wa mtama umepungua. Nimemwambia panya.