Vita vya Kuukomboa Mwanya wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mvaao fulana bila kuuliza zilipiganiwa wapi; kaeni kitako, mtege masikio, mpate habari za Mchapaji, mwanamke mshika raba ya kuchapia fulana, mtiisha wino, na za siku aliyosimama peke yake baina ya meno mawili ya mama mkwe wake.

Maana mama mkwe huyo, malkia wa ukoo, alikuwa na mwanya. Kwa mwanya huo aliposwa, kwa mwanya huo alipunguziwa bei sokoni, na picha yake akicheka ndiyo iliyotakiwa kifuani mwa kila mgeni wa sherehe ya kuzaliwa kwake alasiri ile. Lakini fulana ya kwanza ilipotoka chini ya wavu upitishao wino, nyeusi kama ilivyoagizwa, wino mweupe ulikuwa umefurika ukauziba mwanya wote.

Mama mkwe akaitazama, akanena: “Mume nimekupa. Funguo za jiko nimekupa. Na mwanya wangu nao umeuonea kijicho? Basi leo sicheki, na wageni nitawaambia nani kanifunga kinywa.” Akafumba mdomo.

Mchapaji akaumia, kwa kuwa alimpenda mama huyu kadiri ileile alivyomwogopa. Mumewe, jemadari wa kochi, akatoa shauri: “Si uchukue wavu wowote tu, mke wangu? Wavu ni wavu.”

“Mume wangu,” akajibu, raba mkononi, “huu una matundu mapana, unamwaga wino kama bomba lililopasuka. Na raba hii laini imelika ukingo, inausukuma hata usikoitwa. Wewe kaa, niache nipigane.”

Akaitwaa fremu ya wavu wenye matundu madogo kuliko nyavu zote, akauvuta wino kwa raba. Ole wake, wino ulipita kwa kudonoadonoa, meno yakafifia, na malkia akatokea kibogoyo. Mume akakohoa. Mama mkwe hakukohoa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo alipoiteremsha ukutani fremu ya wavu wa kati, usio bahili wala mbadhirifu, akaiweka kando raba laini, akashika ngumu yenye ukingo mkali. Akaisimamisha, akakaza viwiko, akauvuta wino kwa mvuto mmoja usiotetereka, toka utosi wa malkia hata kidevuni, kisha akainua fremu polepole.

Meno yaling'aa, na katikati yake, mweusi, mnyoofu, ulisimama mwanya.

Mama mkwe akasogea, mdomo ungali umefumbwa, akaugusa kwa kidole. Wino ulikuwa mbichi. Mwanya ukazibika palepale, mbele ya mashahidi.

Malkia akakitazama kidole chake cheupe, akamtazama Mchapaji, midomo ikamcheza, ikamshinda. “Chapa nyingine, mwanangu,” akasema akicheka, mwanya wote nje. “Hii nimeiziba mwenyewe.”

Iandikwe basi katika tarehe za mataifa: wageni walipowasili walimkuta malkia mlangoni, fulana mpya kifuani, akimwonyesha kila aingiaye mwanya wa kwenye kitambaa, kisha wa kinywani, na kuuliza upi mzuri zaidi, na wote, kwa busara, wakamsifu mkwewe, Mchapaji.