Kopo la Chumvi Limekamatwa

"Kwa hiyo serikali imewaacha wezi wote, ikaja kukamata kopo la chumvi," alisema Breki, dereva mstaafu wa lori, akigonga meza pale pale kopo lilipokuwa likikaa tangu mgahawa ufunguliwe.

Mama Sufuria, mwenye mgahawa, hakuinua uso. Alikuwa akipakua maharage, na jibu alishalitoa: redio imesema asubuhi, chumvi marufuku mezani, anayelalamika aende kwa waziri.

"Waziri huyu hapa," Breki akamwonyesha kinyozi wa mlango wa pili.

Kinyozi aliitwa Waziri kwa sababu hakuna jambo la serikali asilolijua kabla ya serikali yenyewe. Akawaeleza, bila hata kupepesa macho, kwamba kimeundwa kikosi maalumu cha kupima ndimi. Ulimi ukikutwa na chumvi, mwenyewe analala ndani. Breki akasema hapo mbele barabarani kuna shimo la kuegesha lori zima, nalo hawajaliona.

"Lakini punje ya chumvi wameiona wakiwa ofisini. Macho wanayo hao."

Aliyekuwa hacheki ni Sindano, fundi cherehani, kaka mkubwa wa Mama Sufuria. Aliisukuma sahani yake.

"Maharage haya hayana ladha."

"Hujayaonja, kaka."

"Nayaona."

Ndivyo walivyokuwa wateja hao wote watatu. Chumvi kwanza, kijiko baadaye. Kuonja waliwaachia wageni.

Mwezi uliopita Sindano alianguka juu ya cherehani yake, mdomo ukaenda upande kwa siku mbili. Presha, akasema daktari, na chumvi iachwe. Sindano alirudi akimsifu daktari, kijana mwenye adabu zake, kisha akaomba kopo. Mama Sufuria alimbembeleza, akamfokea, akamnunia. Akaambiwa kwamba yeye alibebwa mgongoni na kaka huyo huyo, leo hawezi kumfundisha kula.

Breki alipoanza kuuliza kama chumvi ya machozi nayo itatozwa faini, Waziri akafungua redio ya simu yake ili wamsikilize mwenye habari zake. Mtangazaji akairudia taarifa taratibu, kama anayewasomea wao tu: agizo linahusu hoteli kubwa, na litaanza mwakani. Mgahawa wa meza tatu haukutajwa hata kwa bahati mbaya.

Waziri akaizima simu. Vichwa vikageukia jikoni.

"Mama Sufuria," Breki akauliza kwa upole wa kupindukia, "kumbe serikali ni wewe?"

Alifikiria kukana. Kisha akauweka upawa chini.

"Ni mimi. Kaka yangu hanisikii, nikaona labda serikali ataisikia, ingawa nayo sijawahi kuona akiisikia." Akamgeukia Sindano. "Ukianguka tena, kaka, hawa mabwana watakuja kukupa pole na kula. Wa kukunyanyua ni mimi, na mgongo wangu unaujua."

Sindano akatazama sahani. Akaingiza mkono mfuko wa shati, chini ya futi yake ya kupimia nguo, akatoa kikaratasi kilichokunjwa vizuri kama bahasha. Chumvi. Alikuwa ametoka nayo nyumbani mara tu aliposikia fununu za marufuku asubuhi.

"Nigawie hata robo," Breki akanong'ona.

Sindano akainuka, akaenda hadi kwenye beseni la vyombo vichafu, akaimimina chumvi yote humo, akakung'uta karatasi. Akarudi, akaketi, akachota kijiko kimoja. Alitafuna muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Mbona yana chumvi?"

"Kidogo," alisema Mama Sufuria. "Siku zote huwa nayo."

Waziri akaangalia dari. Breki akaivuta sahani yake karibu, akaonja kwa mara ya kwanza tangu awe mteja, kisha akainyanyua kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Rais," akasema, "niongezee maharage."