Diski ya Salwa na Kistari cha Mongi

Jumatatu, 1 Julai

Bila mimi, Khemais, hakuna kompyuta ambayo ingewaka mji mzima wa Sfax. Waziri mmoja aliwahi kunikimbilia, viatu mkononi, nimwokolee faili. Jina silitaji. Usalama wa taifa.

Leo dada yangu Salwa kaniletea diski. Ndani mna video ya harusi yake, marehemu mama yetu akiimba. Nakala nyingine hakuna. Alhamisi ni hina ya binti yake, Emna, na Salwa anataka aingie kwa sauti ya bibi yake. Niigawe diski: nusu ibaki na mama, nusu iwe tupu ya kurekodia sherehe. Nikamwambia hiyo kazi ya glasi moja ya chai.

Sasa ni glasi ya nne. Nimeandika amri ileile ya Linux ninayoandalia diski mpya. Diski mpya hukaa kimya. Hii inaniuliza swali! Nani kaifundisha? Nikajibu hapana. Nikarudia amri, nayo ikarudia swali. Hapana tena!

Namshuku Mongi, fundi wa duka la mkabala. Asubuhi alipita mezani kwangu akipiga mluzi. Mluzi wa nini?

Jumanne, 2 Julai

Nimeuliza kwenye kundi la mafundi, eti kwa niaba ya mteja: programu ya kugawa diski hufungwaje mdomo? Mongi akawahi kujibu. Weka kistari na herufi s, haitauliza kitu. Ila Bwana Khemais, akaongeza, hakikisha diski ni tupu, swali hilo huwa ni onyo.

Upesi wote huo! Kashaandaa mtego huyu.

Nikanakili kistari na herufi yake kwenye kifuniko cha boksi la halwa, vilevile vilivyoonekana kwenye simu. Nikaandika kwenye mashine. Ikatoa mstari mmoja mfupi, basi. Haikufanya kitu. Aha! Kanipa dawa feki.

Nimelipiza. Nimemwambia mwenye mkahawa ampelekee Mongi chai bila sukari. Mongi akanywa, akasema hatimaye kuna mtu anajua kupika chai.

Jumatano, 3 Julai

Salwa kaja na makrudh, vile vitafunio vya tende, akaona kifuniko. Kaka, akasema, mbona kistari kiko nyuma ya herufi? Simu yako ni ya Kiarabu, inaanzia kulia, imekirusha upande wa pili. Kwetu duka la dawa ninakofanya kazi, maandishi yanapinduka hivyo kila siku.

Nikamwambia nilikuwa nampima.

Kistari mbele. Nikabonyeza. Kimya! Bila hata swali moja! Nikapiga makofi. Nikaifungua diski nimwonyeshe Salwa video ya mama.

Tupu. Nyeupe kama sahani.

Salwa hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akauliza polepole: Khemais, mama yuko wapi? Nikamjibu mama anapumzika.

Lilikuwa jibu baya.

Alhamisi, 4 Julai

Salwa kaibeba diski mwenyewe hadi kwa Mongi. Nikamfuata nikusanye ushahidi wa hujuma. Mongi akasema kilichofutika ni ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu chenyewe bado kimo. Bahati yenu, akasema, hakikuandikwa kitu juu yake. Bahati! Huo ni umakini wangu.

Akaiamuru programu itafute. Nayo ikauliza swali! Nikapiga kelele: Jibu hapana! Mongi akasema, tulia, mjomba wa bibi harusi. Akalisoma kwa sauti, kwa Kiarabu: limeonekana fungu la zamani, lirudishwe? Salwa akasema ndiyo kabla hajamaliza.

Mara mama akaimba. Kwenye spika ndogo kama kopo la pilipili ya harisa, lakini ni yeye. Mongi akazima feni yake tusikie vizuri. Joto lote lile, akazima feni. Anatafuta nini huyu?

Jioni Emna akaingia kwa sauti hiyo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia kidogo, kwa sababu ya moshi wa ubani.

Ijumaa, 5 Julai

Nimewaeleza wote mkahawani kwamba nilifuta makusudi nimpime Mongi. Kafaulu. Nafikiria kumchukua awe mwanafunzi wangu. Baba wa bwana harusi kavutiwa sana, kaniachia diski yake ya picha za familia niigawe. Nakala nyingine, anasema, hana.

Kifuniko kipya tayari. Kistari mbele, kwa wino mwekundu. Safari hii haitaniuliza kitu tangu mwanzo. Na ndivyo ninavyotaka. Maswali yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye Yes na No.