Azimio la Usukani wa Heshima

"Kamati ya Wakazi wa Suvarna Vihar, Ghaziabad, ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia leo maegesho yetu yameingia rasmi katika Zama za Heshima!"

Tangazo hilo lilitoka kwenye kipaza sauti asubuhi, watu wakiwa bado na miswaki midomoni. Aliyelisoma alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Bwana Trilokinath Bhatnagar, naibu kamishna mstaafu wa idara ambayo hata alipokuwa kazini hakuna aliyejua inafanya nini.

Chanzo cha Zama hizo kilikuwa kigari. Vasudha Pathak, muuguzi wa ghorofa ya nne, alikuwa amenunua gari dogo kuliko yote yaliyokuwepo dukani: vioo vya kuzungusha kwa mkono, kioo cha pembeni upande mmoja tu, redio hakuna. Lilikuwa gari la kwanza katika ukoo wao, na leseni aliipata mwezi uleule. Alilinunua kwa ajili ya baba yake, Mzee Dinanath, ambaye magoti yalimgomea kupanda bajaji, na hospitalini alitakiwa kila wiki. Siku lilipoletwa waliweka ndimu chini ya kila gurudumu, wakavunja nazi, wakalipaka boneti alama nyekundu ya baraka, kisha wakagawa ladu, vile vidonge vitamu vya sherehe, kwa majirani. Bwana Bhatnagar alikula ladu mbili, akalitazama gari, akasikia uchungu kwa niaba ya taifa.

Ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kudharau watu. Alidharau magari tu, na watu kwa kadiri walivyokuwa ndani yake. Gari lake mwenyewe lilikuwa jeusi, refu, la kupandia kwa kidaraja, na mlinzi Lakhan alilipigia saluti kabla hajajua nani yumo.

"Binti," alimwambia Vasudha pale maegeshoni, "hiki ni kitu gani?"

"Gari, Mjomba."

"Linafanya nini?"

"Linakwenda, Mjomba. Likichoka linasimama."

"Wageni wakiingia, kitu cha kwanza kukiona ni hiki. Watatuonaje?"

Mzee Dinanath akachungulia dirishani mwa kigari. "Watadhani humu wanaishi watu, Bwana Mwenyekiti. Usijali, utawaeleza ukweli."

Kumfukuza mtu mmoja kwa jina kungeleta kesi. Kwa hiyo kamati ilikaa, ikanywa chai, ikamaliza sambusa, ikazaa Azimio la Usukani wa Heshima: kila mwenye gari atalitoa mpaka langoni na kulirudisha kinyumenyume hadi nafasi yake, akiendesha mwenyewe, bila kugusa kitu, mbele ya hadhara. Atakayeshindwa ananyang'anywa nafasi, na gari linatoka nje siku hiyohiyo. Neno "kila" liliwekwa kwa adabu tu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula huku sufuria limeshaoshwa. Mtaa mzima ulijua nani hajui rivasi, na Vasudha alijua zaidi ya wote. Nje ya lango hapakuwa na pa kuliacha gari isipokuwa barabara kuu. Akishindwa angeliuza, na baba yake angerudi kubebwa mgongoni.

Bwana Bhatnagar alipanga mtihani ufanyike sikukuu ya Chhath, ya kuabudu jua, watu wawe nyumbani waone. Alimwalika diwani na mpiga picha wa gazeti. Madereva wote wa Suvarna Vihar ni watu wa jimbo la Bihar, mashariki mwa India, na Chhath ikifika hakuna mshahara wala kitisho kinachomzuia Mbihari kwenda kwao. Tangu juzi walikuwa wameshapanda treni. Ruhusa ya dereva wake, Ramsevak, aliitoa mwenyekiti mwenyewe, ila hakuona inahusiana vipi na gari.

Vasudha alitangulia. Injini ikazima, watu wakacheka. Akawasha, ikazima tena, na mke wa mhazini akasema kwa sauti, "Si alipige teke tu, kama punda?" Vasudha alimgeukia baba yake kwenye kiti cha pembeni. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya baba yake.

"Baba, siwezi."

"Achia klachi taratibu, kama unamlaza mtoto. Hao waache wacheke, si wamekunywa chai ya bure?"

Kigari kikarudi nyuma, kikapinda, kikanyooka, kikaingia katikati ya mistari. Hakikugusa hata chungu cha maua. Lakhan alipiga makofi, akakumbuka mshahara wake unatoka wapi, akaacha.

"Bahati tu," Bwana Bhatnagar alimnong'oneza diwani.

"Sasa tuonyeshe isiyo bahati, Mwenyekiti," diwani alijibu kwa sauti. "Azimio si linasema kila mwenye gari?"

"Kila!" alisema mwenyekiti, maana kipaza sauti kilikuwa mkononi na watu walikuwa wakimtazama.

Akatembea kwa madaha hadi kwenye gari lake. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga, akasubiri.

Watu nao wakasubiri. Mpiga picha akapiga picha.

Lakhan akagonga kioo. "Mheshimiwa, wanasema anza."

"Namsubiri Ramsevak."

"Ramsevak yuko mtoni kwao, maji kiunoni, analiomba jua."

"Nani kamruhusu?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Kwani leseni huna?" diwani aliuliza.

"Ninayo tangu ujana!" Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Kishoka aliniletea mpaka sebuleni, bila mtihani!"

Hapo mhazini akakumbuka kuwa ana mgonjwa, na katibu akashikwa na mgongo. Diwani, ambaye uchaguzi ulikuwa unamjia na wenye vigari walikuwa wengi kuliko wenye madereva, alitamka kwamba azimio zuri namna hii ni dhambi kulivunja. Anayekwepa ameshindwa: magari ya kamati yatoke. Ikabaki nani ayatoe, na macho yote yakamgeukia mtu mmoja.

Vasudha akapanda lile jeusi. Bwana Bhatnagar hakushuka, kwa kuwa kushuka kungekuwa kukiri. Akakunja nne, na gari lilipoanza kwenda mazoea yakamrudia, akajisikia vizuri.

"Polepole kwenye tuta," aliamuru.

"Sawa, Mjomba."

Gari likasimama kando ya barabara kuu, kati ya mkokoteni wa karanga na lundo la mchanga. Vasudha akazima injini, akampitishia ufunguo juu ya bega.

"Tumefika, Mjomba."

"Tumefika wapi?"

"Nje."